Miaka ya Fundi wa Viti

Kwenye basi la Kawangware, msichana mwenye fomu mapajani alikuwa akimweleza jirani yake, fundi wa viti, kwamba anasomea masters ya mambo ya wazee. "Natafuta waliopita sitini kule Kabiro, lakini siwapati."

"Hao hutapata," fundi akasema. "Ukizeeka Nairobi, watoto wanafanya mkutano, wanakufungia mzigo, wanakurudisha ocha, kijijini, ukalinde kuku. Mimi bado napiga randa."

"Na wewe baba, una miaka mingapi?"

"Hamsini."

Mimi nilikaa nyuma ya fundi. Jua lilikuwa limeyeyusha rangi ya viatu aliyofichia mvi kichwani mwake, na hamsini ilikuwa ikiteremka taratibu kuelekea kwenye kola.

"Lakini tukijua mko wangapi, baba, mtasaidiwa."

"Ndiyo, kupanda basi la kurudi Bungoma."

Tulipofika Kabiro fundi aliruka kabla basi halijasimama vizuri. Goti likamkatalia, akadaka mlango. Halafu akaja dirishani kwa msichana, akatazama huku na huku.

"Haya, andika sitini na nane. Lakini jina langu usiandike. Watoto wangu niliwasomesha wote, watalisoma."