Doa la Mkaa Kwenye Joho la Evarist

Tarehe 30 Juni mwaka huu Ndugu Evarist Barnaba anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kuongoza kikundi chetu cha maigizo hapa Ifakara. Vyeti vyake watavisoma wenye shule zao. Mimi, niliyeigiza mwizi miaka yote hiyo eti kwa sababu sura inaruhusu, nimeachiwa yaliyobaki.

Evarist alikuwa mtunzi, kiongozi na hakimu wa kila mchezo. Alivaa joho kuukuu la kwaya, akitembea kama askofu aliyechelewa misa. Kwake mtu alikuwa mwema au mwovu, katikati hapakaliki. Mwovu alipakwa mkaa usoni tangu anaingia, ili hata mlevi ajue wa kumzomea. Mwishoni watazamaji walinyoosha mikono kuhukumu, na mwenye mkaa akafukuzwa kwa ngoma. Kule Katindiuka nilifukuzwa na mbwa pia, ambao mazoezini hawakuwemo.

Ndipo tukaenda Mchombe na mchezo wa mke aliyemtelekeza mume mgonjwa. Mkaa alipakwa Dorotea, mwenzetu aliyeigiza mke huyo. Lakini Evarist alipoita hukumu, vidole havikumwelekea Dorotea. Vilimwelekea Brigitha, mjane aliyekaa mkekani na wanawe. Mumewe alifia nyumbani msimu ule, yeye akiwa shambani juu ya dungu, akifukuza ndege wasimalize mpunga.

"Mwenyewe ndiye huyo!" shemeji yake Zakayo akapaza sauti. "Leo anatoka kwenye nyumba ya kaka yangu!"

Watu wakasimama. Mmoja akanyakua kopo letu la mkaa. Mwingine akamshika Brigitha kitenge, watoto wakaanza kulia. Mimi mwizi mzoefu nilishaangalia pa kukimbilia.

Evarist akapanda kwenye benchi. Nikajua tumekwisha, sasa anahukumu.

"Mchezo haujaisha," akasema. "Zakayo, panda hapa. Hili ndilo dungu, na Brigitha ni wewe."

Umati ukimtazama, angekataaje? Akapanda, akapewa debe la kufukuzia ndege. Evarist akamletea habari: mume amezidiwa, kwelea-kwelea wametua, na wa kukushikia debe hayupo.

"Naenda nyumbani," akasema Zakayo.

"Na mpunga ukiisha, watoto watakula nini?"

"Basi nabaki."

"Na mume?"

Zakayo akashusha mguu mmoja kwenye benchi, akaurudisha juu, debe bado mkononi.

Ndipo Brigitha, kitenge bado kimeshikwa, akasema taratibu, "Shemeji, gonga debe. Ndege wanakula."

Kopo likawekwa chini, kitenge kikaachiwa. Zakayo akashuka, akaenda kukaa mkekani karibu na watoto wa kaka yake. Brigitha anaishi kwenye nyumba ile mpaka leo.

Evarist alimfuta Dorotea uso kwa mkono wa joho. Tangu hapo mkaa tukauachia jikoni. Watazamaji sasa wanaondoka wakibishana, na mimi mwizi nimepewa mama mgonjwa wa kumwibia dawa. Siku nyingine hata napigiwa makofi.

Kamati ilitaka kulifua joho kabla ya kumkabidhi. Nimewakatalia. Doa liko mkono wa kulia, ule aliokuwa akinyooshea watu kidole.

Asante, ndugu yetu. Kapumzike na mpunga wako, afya ikufuate shambani. Na ndege wakikuzidi usione haya: tuite, tuna mikono, tutakuja kugonga debe.