Bomba la Cassien Lapimwa kwa Kahawa

Kijiwe chetu cha Fort Worth, huku ughaibuni, kiko mbele ya duka la mashine za kufulia nguo. Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha minivan ambayo mwenyewe alishaiuza skrepa. Hapa hakuna anayekuja kwa miguu. Kila mtu anakuja na gari lake, anapaki, halafu tunabanana watu wanne kwenye kiti cha watu watatu kama vile mafuta tulichanga. Kahawa ni ya Kidawa, mtu wa Tanga, anauza kwenye buti ya gari yake Jumamosi asubuhi wakati nguo zetu zinazunguka. Wasemaji wakuu ni Melkiori, tunayemwita Bunge kwa sababu hakuna hoja inayompita bila mjadala, na Deo, dereva wa lori, tunayemwita Sina Breki. Msiniulize kwa nini, mtamsikia. Jumamosi hiyo akaingia Cassien, Mrundi wetu, jina la kijiweni Mogeji, maana tangu apate mkopo wa nyumba, yaani mortgage, kila mazungumzo lazima ayapitishe nyumbani kwake. Alikuwa amejitwisha gunia la mchele. Akalishusha, likalia ngwaa. Ndani mlikuwa na dude la shaba, zito, lina tope bado.

KIDAWA: Mogeji, umeiba wapi tena?

CASSIEN: Siibi, dada. Ni kitu yangu. Ilikuwa mbele ya nyumba, pale kwa majani, kwa bomba ya sprinkla. City, wale wa manispaa, wanasema kila mwaka lazima ipimwe. Nisipoipima, wanakata maji. Na kesho Raïssa wangu anapata komunyo ya kwanza! Parokia yote inakuja kwangu. Padri akiomba maji ya kunawa, nitamwambia nini? Nimpe Fanta?

DEO: Kwani hilo dude linafanya kazi gani?

CASSIEN: Wanaita backflow. Inazuia maji ya bustani isirudi kwa bomba ya city.

MELKIORI: Kwa hiyo ukaling'oa?

CASSIEN: Sasa? Redio ikiharibika, unamwita fundi kwako? Unaibeba, unaipeleka. Nilifunga maji kule kwa mita, nikachukua spana, ikatoka bila shida. Namungojea fundi mmoja wa pampu, duka yake iko hapo nyuma, afungue.

Hakuna aliyeshtuka. Hata mimi sikushtuka. Sote tumekua tukipeleka vitu kwa fundi: pasi, feni, jiko la mchina, saa ya babu. Kitu kinachotaka kupimwa kinabebwa. Tena tulimsifu kwa kuwahi.

DEO: Ila mimi sielewi. Maji yanakuja kwa presha. Yatarudije?

MELKIORI: Presha ikishuka, kaka. Mtaa ukiungua, zimamoto wakafyonza bomba, presha inashuka, bomba linaanza kuvuta. Linavuta mbolea, dawa ya wadudu, mavi ya mbwa, vyote vinakwenda kwa jirani anayepika chai.

Hoja hiyo ilikuwa na sura ya ukweli, na ukweli kijiweni kwetu unaua mjadala. Deo hakuvumilia.

DEO: Wewe acha. Hao hawaogopi mbolea, wanaogopa jikoni. Mogeji, shemeji Léoncie ameloweka maharage ya sherehe?

CASSIEN: Masufuria mbili makubwa.

DEO: Umeona? Presha ishuke leo, maji ya maharage yanaondoka, bomba hadi bomba. Jumatatu meya anafungua maji apige mswaki, anakutana na kitunguu.

KIDAWA: Kitunguu kipite wapi kwenye bomba?

DEO: Harufu, dada! Harufu haihitaji nafasi.

MELKIORI: Tatizo mnafikiria kidogo kidogo. Hii ni vita ya Houston. Maji tunayooga huku yanateremka na mto mpaka kwao. Mnadhani wamefurahi? Siku wakichoka, wanaziba kule chini, yanarudi yote kwa mkupuo, na hasira juu. Ndiyo maana kila nyumba imewekewa hii. Ni ulinzi wa mpaka.

DEO: Nilijua! Mimi na-drive Houston kila wiki. Chai ya kule ina ladha ya sabuni yangu.

Cassien alishika kichwa kwa mikono miwili. Jamani, nilimwonea huruma.

CASSIEN: Bon, sasa nyumba yangu ndiyo imebaki bila ulinzi?

MELKIORI: Tulia. Tutalipima wenyewe. Kidawa, lete kahawa.

KIDAWA: Ya kunywa?

MELKIORI: Ya maendeleo.

Wakalisimamisha. Kidawa akamimina upande wa kuingilia. Kahawa ikajaa, haikutoka. Wakaligeuza, kahawa ikamwagikia viatu vya Deo. Wakamimina upande wa kutokea; ikajaa, haikutoka vilevile.

MELKIORI: Linazuia kotekote. Limefaulu mara mbili!

Tulipiga makofi. Cassien alitaka kulia kwa furaha, akatukumbatia mmoja mmoja, hata mimi ambaye sikufanya kitu. Wakati huo akafika mama mmoja na kapu la nguo, Apolonia, mgeni kutoka Missouri City, kando ya Houston, aliyekuja kumsalimu dada yake.

APOLONIA: Shikamooni. Naomba kahawa.

KIDAWA: Marahaba, mwanangu. Imekwisha. Tumepimia bomba.

Apolonia akaliangalia dude, akatuangalia sisi, akaliangalia tena dude.

APOLONIA: Kwetu mpimaji alikuja na geji zake za presha nyumbani, akapima palepale bustanini, maji yakiwa ndani. Hii si mpaka iwe kwenye bomba?

Bunge akaahirisha kikao, akaenda kuangalia nguo zake. Sina Breki alipata breki, akainama kufuta kahawa viatuni.

CASSIEN: Hakuna shida, mama. Naenda kuirudisha sasa hivi. Maji nimeifunga kwa mita.

APOLONIA: Na nyumbani nani anajua umefunga?

Cassien akatoa simu ampigie mkewe. Simu yake ikaita. Vidole vilikuwa na kahawa, akabonyeza spika, wote tukasikia.

LÉONCIE: Papa Raïssa, usihangaike tena, maji ilikuwa imekatika lakini nimeenda kule kwa mita na koleo yako, nimefungua. Sasa iko na nguvu kabisa! Ila niambie kitu moja. Mbona inatokea pale kwa majani, inaruka juu, na hema ya wageni imeanza kwenda kwa jirani?

Cassien alikuwa ameshakimbilia gari, ameviacha dude na simu kwenye benchi. Deo ndiye aliyeiinamia simu iliyosahauliwa, akauliza kwa upole:

DEO: Lakini shemeji, hayarudi nyuma, sivyo?