Huruma ya Saa Saba

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata chupa ya uji kama mtoto mchanga. Jirani yake, mzee mwenye kofia, alikuwa ameuliza tu kama dirisha linafunguka. Akajibiwa habari za kuku.

"Dada yangu kalazwa, baba. Kaniachia kuku wake wa nyama, mia mbili. Akanisisitizia: saa nne asubuhi ondoa vyombo vya chakula, mchana wape maji tu, uwarudishie jioni jua likipoa."

"Ukasahau."

"Heri ningesahau! Niliwaonea huruma. Saa saba wanahema midomo wazi, nikadhani ni njaa. Nikawajazia vyombo mpaka juu."

Mzee alivua kofia. "Kuku akishiba kwenye joto huchemka kwa ndani, binti yangu."

"Nilijua alasiri, nikizoa mizoga themanini."

Mimi sijafuga hata paka, lakini niliacha kujipepea.

"Mwambie joto limewaua," mzee alimshauri. "Si uongo."

"Ananijua huyo. Tangu utotoni ananiita mkono mwepesi, sikio zito."

"Basi usimwambie mpaka apone."

"Na akiniuliza wanakulaje?"

Mzee akageukia chupa. "Huo uji ni wake?"

"Wake. Anapasuliwa leo mchana. Daktari kasema asile kitu kabla, lakini jana alivyonitazama kwa njaa, baba, mimi..."

Basi lilisimama mbele ya hospitali. Mama aliitazama ile chupa, akaiweka taratibu mapajani mwa mzee, akashuka mikono mitupu.