Nusu ya Unyayo

Kijiwe chetu kipo nje ya kibanda cha Soli, fundi viatu. Benchi ni moja, birika la kahawa ni moja, wabishi hawapungui. Mimi hupita tu, nikasalimu, nikaenda zangu. Siku hiyo niliketi pembeni kwa sababu binti yangu, aliyeanza kutembea juzijuzi, aligoma kutembea tangu nimvishe viatu vipya. Unyayo wake wa kushoto ni mdogo kuliko wa kulia tangu azaliwe. Soli alikata viatu hivyo kwa kufuata programu ya simu aliyoiandika Nukta, kijana wa kompyuta, ambaye naye alikuwa hapo benchini. Kimoja kilimbana, kingine kilimpwaya. Binti akavitupa, akatambaa chini ya benchi.

Soli: Dada, mimi sina kosa. Kushoto nilipima sentimita kumi na mbili na nusu, simu ikasema kata kumi na mbili. Kulia kumi na tatu na nusu, ikasema kumi na nne!

Wembe, kinyozi wa jirani, akarukia.

Wembe: Nusu ileile, huku ipunguzwe, huku iongezwe? Simu inapendelea kulia. Hata mimi hunyoa vizuri upande wa kulia.

Soli: Huo ni mkono wako, ndugu yangu.

Wembe: Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Soli: Chawa wametoka wapi? Kwako?

Nukta: Jamani, programu inataka namba nzima. Nusu ikikaa katikati kabisa, inapelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu.

Wembe: Yaani zenye kugawanyika mbili mbili? Basi simu haipendi wapweke! Ndiyo maana tangu niachwe, yangu haishiki mtandao.

Nukta: Sikiliza, kaka. Ukipima nyayo elfu, waliopunguziwa na walioongezewa wanasawazishana. Hakuna anayedhulumiwa.

Sikuzoea kusema mbele za watu. Nilitazama chini.

— Kaka, na huu wa mwanangu utasawazishwa na wa nani?

Wembe akakiinua kikombe chake, akanywa. Kilikuwa kitupu.

Nukta aliiweka simu kwenye benchi, akapiga magoti vumbini, akamchungulia binti yangu chini ya benchi.

Nukta: Njoo, mama. Soli, usinitajie namba. Nipe uzi.

Wembe: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Soli: Leo umepatia.

Uzi ulipozunguka unyayo mdogo, binti yangu alicheka kwa kutekenywa. Kisha akautoa wa pili mwenyewe.