Wasifu wa Bi Fungua, Aliyekataa Kutia Tiki

Dada yetu, ambaye kazini hadi mtaani aliitwa Bi Fungua, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa mpiga chapa na mkunga. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba. Mniwie radhi, nina hasira na sitaificha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu alifungia kamusi kabatini zisichakae. Akamuuliza, "Mwalimu, sasa humo zinamsaidia nani?" Akaadhibiwa kufagia darasa wiki nzima. Wiki ikaisha, yeye akaendelea kufagia, kila siku akilizunguka lile kabati, mpaka mwalimu akasalimu amri na kutoa ufunguo. Baadaye alisomea ukutubi, akahitimu mwaka 1991.

Tarehe 22 Juni 1996 aliolewa na seremala, shemeji yetu mpole, aliyemtengenezea rafu ya vitabu isiyo na milango.

Kuanzia mwaka 2004 alifanya kazi katika ofisi inayotunza orodha ya pamoja ya majina ya magonjwa na dawa. Kila jina lina namba, na kila namba ina anwani ya mtandaoni inayoeleza maana yake, ili hospitali zote zielewane. Yeye alikagua kama orodha iko wazi kweli: anwani zinafunguka, ruhusa ya kuitumia imeandikwa, neno la zamani halijafutwa kimyakimya. Kompyuta ya ofisi hakuiamini, maana ilikuwa inamjua, ikimfungulia bila kumuuliza nywila. Alishuka kantini, akaazima simu ya mpishi. "Kwa mpishi isipofunguka, haiko wazi," alisema.

Tarehe 6 Februari 2023 mkurugenzi wake alimwambia, "Dada, weka tiki tu. Wageni wanakuja kesho kuzindua."

"Tiki ya nini, bosi? Kwa mpishi imegoma, inadai nywila."

Kati ya anwani 412 alizojaribu, 397 hazikufunguka. Mkurugenzi akavuta fomu, akatia tiki mwenyewe. Kesho yake orodha ikatangazwa kuwa wazi kwa wote, na makofi yakapigwa.

Tarehe 9 Mei figo zilimlaza. Hospitali ya kwanza iligundua kuwa kuna dawa inayomdhuru, ikaandika namba ya dawa hiyo kwenye faili. Tarehe 15 alihamishiwa ya pili akiwa hajitambui. Daktari alibonyeza anwani ya ile namba, ikadai nywila. Alipiga simu kwenye ofisi ya orodha, haikupokelewa. Hali ilikuwa mbaya, akampa dawa ileile.

"Niliona namba tu," aliniambia huku analia. "Maana yake sikuiona."

Dada alifariki tarehe 17 Mei, saa nne asubuhi. Daktari simlaumu. Ninayemlaumu tumemtengea kiti safu ya mbele, akae aonekane.

Ameacha mama yetu, mume, mabinti wawili na sisi wadogo zake wawili.

Nyuma ya ratiba hii ya mazishi tumechapisha anwani ya namba ile. Toeni simu, mjaribu. Mpishi wa kantini alijaribu jana, bado inadai nywila. Mkurugenzi, na wewe toa yako. Ifungue hapahapa, mbele ya mama.

Dada yetu apumzike kwa amani. Sisi tunasubiri.