Kikombe chenye Raba Nyekundu

Benchi letu hapa Malaba ni ubao juu ya rimu mbili za lori, mkabala na foleni ya trela zinazongoja kuingia Uganda. Hapa ndipo wataalamu hukaa. Kuna Transit, clearing agent wa kupitisha mizigo forodhani, anayeona kila kitu duniani ni kontena. Kuna Forex, anayebadilisha pesa na ukweli kwa rate ileile. Na kuna mimi, wananiita Degree, kwa kejeli, kwa sababu nilisomea afya ya jamii na sasa ninaifundisha juu ya ubao huu. Asubuhi hiyo Egwang, mwenzetu wa benchi, alikuja na uso wa matanga. Daktari amemwambia ana herpes, yale malengelenge ya sehemu za siri. Harusi yake na Asio ni Jumamosi. Alitaka kujua jambo moja tu: amwambie, ama anyamaze?

Kabla ya kumjibu, Forex alichomoa raba nyekundu ya kufungia noti, akaivalisha kikombe cha kahawa cha Egwang.

— Hiki ni chako, boss. Usichanganye na vyetu. Sisi tuna familia.

— Herpes haipiti kwa kikombe, nikasema. Ni ngozi kwa ngozi, watu wakilala pamoja.

— Degree, kama unajua hayo yote, mbona huna kazi?

Hiyo ndiyo hoja yao kubwa ya kitabibu.

— Uliitoa wapi? Transit akamuuliza Egwang.

— Sijui. Daktari anasema inaweza kukaa mwilini miaka na mtu hajui.

— Ni choo cha ng'ambo, Forex akasema. Si juzi ulienda Tororo?

— Nilienda kuzika shangazi.

— Na hukuenda choo? Ama ni noti. Mimi shilingi za Uganda nazishika na mkono wa kushoto, za Kenya na wa kulia. Ndio maana niko safi.

— Na ugali unakula na mkono wa nchi gani? nikamuuliza.

Transit akasogea karibu.

— Egwang, saa hii uko na vidonda?

— Vimekauka.

— Basi imeisha hiyo. Hiyo ni transit cargo, imepigwa seal, haifunguliwi njiani. Mzigo wa transit unapita Kenya nzima na haushushwi Kenya. Asio hatapata kitu.

— Virusi havisomi seal, nikasema. Vinaweza kupita hata ngozi ikiwa safi kabisa. Herpes haiponi, sawa. Lakini kuna tembe za kuituliza, kuna kondomu za kupunguza hatari, na vidonda vikirudi mnaacha kulala pamoja mpaka vipone. Watu wanaoana nayo, wanazaa. Ila Asio lazima ajue, aamue mwenyewe.

— Kondomu siku ya harusi? Forex akacheka. Na bibi yako? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hivyo zaa kwanza, uache kuficha baadaye.

— Methali inasema kinyume.

— Kinyume cha upande gani? Wa Uganda?

— Na usipoziba ufa utajenga ukuta, Transit akaongeza. Mdomo ndio ufa. Ziba.

Egwang alikuwa anaizungusha ile raba kwa kikombe.

— Kwa hivyo ninyamaze?

— Nyamaza, wakasema wote wawili, kama bunge limepitisha mswada.

Hapo ndipo Asio akatokea, anatoka kwa fundi, gauni limekunjwa kwa mfuko. Akatusalimia vizuri, akakaa kando ya Egwang, na kama kawaida yake akachukua kikombe cha bwana harusi apige funda moja.

Transit na Forex waliruka pamoja.

— Wacha hicho, dada, Forex akasema, amemshika mkono. Tafadhali.

Asio akatazama vikombe vyetu, kimoja kimoja.

— Kwani hiki cha Egwang kimefungwa raba ya nini?

Jamani. Transit aligeukia trela kana kwamba moja ni ya baba yake. Forex akaanza kuhesabu noti alizokwisha kuzihesabu. Hao ndio wanaume waliookoa kahawa kutoka kwa Egwang, na dakika hiyohiyo wakamuidhinishia kitanda. Mimi jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa langu kulitoa.

Egwang akaivua raba, akamrudishia Forex.

— Asio, twende tutembee kidogo. Kuna kitu nataka kukuambia.

— Hawa wanakijua?

Egwang akaitikia kwa kichwa. Asio akaweka gauni lake katikati ya ubao, mahali alipokuwa amekaa Transit.

— Basi niambie hapa. Watakaotembea ni wao.

Tulitembea. Kahawa ya Forex ilibaki nusu.