Kupima Roho ya Padri Nzai

Mwaka ule wa kumi na nne wa Uhuru, Msambweni ilikuwa na msomi mmoja wa chuo kikuu aliyekaa bure, na alikuwa akikaa bure barazani kwa fundi Rai, mshona nguo. Baraza lenyewe lilikuwa na benchi la ubao wa lori, cherehani moja na redio isiyozimwa. Mbele yake aliketi Mzee Abdurahman na dele lake la kahawa juu ya makaa, akigonganisha vikombe mpaka aliyekuwa na kazi akaiacha na asiyekuwa nayo akapata. Msomi mwenyewe aliitwa Mwero kwao Kinango alikozaliwa, na Digrii hapa kijiweni, jina alilolichukia kila siku na kuliitikia kila siku. Miaka mitatu tangu avae kofia ya mraba kule Nairobi, alikuwa ameandika barua za kazi mpaka karani wa posta akaanza kumwonea haya. Asubuhi hiyo, lakini, alikuja na bahasha kwapani na uso wa mtu anayekaribia kuajiriwa. Kijiwe hakikuwa kimeuzoea uso huo.

— Umeposa? aliuliza Rai bila kuacha kukanyaga cherehani.

— Research, mzee. Utafiti. Kanisa Katoliki linapima mapadri. Spiritual crisis. Msukosuko wa roho, na uhusiano wake na afya na raha ya mtu.

— Wanapima roho?

— Ndiyo.

— Kwa futi au kwa ratili?

— Kwa moja mpaka tano, alisema Digrii, akaitoa fomu. Moja ni hapana kabisa, tano ni ndiyo kabisa. Maswali ishirini. It's science, fundi. Hutaielewa.

Matano, fundi wa pikipiki ambaye hata mkewe alimwita Spana, alijifuta mikono ya girisi kwenye suruali ya girisi, akachungulia.

— Mbona haina kitu? Hata jina hakuna.

— Jina haliandikwi. Ni siri. Inaandikwa parokia tu.

— Parokia hii ina mapadri wangapi?

— Mmoja.

— Aa, siri kweli hiyo.

Digrii alimeza maneno yake pamoja na kahawa, yote machungu. Mambo yalikuwa hivi. Parokia tano za pwani ya kusini zilikuwa zimewekwa mikononi mwake. Fomu nne zilikwisha jazwa. Zikifika Mombasa zote tano leo hii, yeye ndiye karani wa utafiti: meza, kiti, na droo yenye ufunguo wake mwenyewe. Ikikosekana moja, barua ilisema wazi kwamba zilizopungua hazitapokelewa, na kazi ingekwenda kwa mpwa wa fulani, kama kawaida ya nchi hii inayowaimba wasomi kwenye sherehe na kuwasahau kwenye mishahara. Landrova ya misheni ingepita adhuhuri kuelekea kivuko cha Likoni. Fomu ya tano ndiyo hii, nyeupe kama ilivyotoka kiwandani, ya Padri Nzai.

— Na mwenyewe yuko wapi? aliuliza Mzee Abdurahman.

— Amekwenda Ndavaya kuzika. Nimemwendea mara tatu, mara zote ni kesho. Leo alfajiri kanirudishia ikiwa tupu, kaniambia, "Andika uonavyo, mwanangu," kapiga pikipiki teke, kaondoka. Can you imagine?

Mzee Abdurahman aliliinua dele kisha akalirudisha bila kumimina.

— Rudia. Kakwambia nini?

— Andika uonavyo.

— Basi kakupa wakala.

— Wakala gani?

— Wakala ni wakala. Mtu yuko Maskati, mchumba wake yuko Funzi. Anampa mtu wakala, shehe anauliza, wakala anajibu kwa niaba, ndoa inafungwa, halali kabisa. Mke anakuwa mke, watoto wanazaliwa...

— Wanazaliwa na yeye bado yuko Maskati? aliuliza Spana.

— Akisharudi, mshenzi we! Ninasema hivi: ikiwa mtu huozwa kwa wakala, na ndoa ni jambo zito, itashinda karatasi? Jibu kwa niaba yake. Ila unahitaji mashahidi wawili, watu wazima, wenye akili timamu, wanaomjua.

Digrii aliwatazama waliokuwa benchini, mmoja mmoja.

— Nitawapata wapi hao?

— Sisi hapa! alisema Rai, na kwa mara ya kwanza mwezi huo cherehani ikanyamaza.

Moyoni Digrii alijua si sawa. Chuoni alikuwa amefundishwa kozi nzima juu ya mambo yasiyofaa kufanyiwa fomu, na hili lilikuwa la kwanza. Lakini chuo hakikumpa droo. Akaitoa kalamu.

— Swali la kwanza. Ninalala vizuri na kuamka nimepumzika.

— Moja, alisema Spana. Mie nakaa nyuma ya kanisa. Ramadhani yote nikiamka kula daku, naona taa yake inawaka.

— Labda anasoma, alisema Rai.

— Kitabu kile kile alichokuja nacho? Mpaka leo hajakimaliza?

— Tunaandika mbili, alikata Digrii. La pili. Nina hamu ya chakula.

Hapo Rai alisimama, akaivuta tepu iliyokuwa shingoni mwake kama mlinzi wa serikali anavyovuta bastola.

— Niachieni hili. Pasaka nilimpima kanzu: kiuno inchi thelathini na sita. Juzi nimempima tena: thelathini na tatu na nusu. Nikapima mara ya pili, nikambana tepu kwa makusudi apate kucheka. Hakucheka.

— Kwangu alikuwa mtu wa vikombe vinne na kashata mbili, alisema Mzee Abdurahman. Sasa ni kikombe kimoja, na hakinywi, anakishika tu. Kahawa yangu ikipoa mkononi mwa mtu, mtu huyo ana neno.

— Na maili je? Spana alisema. Honda yake naihudumia mimi. Zamani maili mia kwa wiki. Sasa mia tatu! Wagonjwa wenyewe ni wale wale. Anatembelea mpaka waliokwisha kupona. Nasikia kuna mama kule Mwangulu amejilaza tena kwa kumwonea haya.

— This is data, alisema Digrii polepole, akashangaa kusikia sauti yake haina dharau. Wallahi hii ni data.

— Ni kiuno, alisema Rai. Data ni ya huko kwenu.

Wakaandika. La tatu, la nne, la tano. La sita lilitaka kuleta vita: "Nina mtu ninayeweza kumweleza yaliyo moyoni mwangu." Rai akasema ni yeye, iandikwe tano. Spana akasema ni yeye. Mzee Abdurahman akasema Padri na yeye husalimiana kwa heshima zote kila asubuhi kwa miaka minane, na kama hiyo si tano basi heshima haina maana tena duniani.

— Haya, kawaambia nini? Digrii aliuliza. Yaliyo moyoni. Nipeni moja.

Rai akaanza kutunga uzi kwenye sindano.

— Aliwahi kuniambia Honda inavuja, alisema Spana.

Digrii akaandika tatu ili kulinda amani, akaendelea. Lakini kijiwe sasa kilikuwa kimeshika moto. Namba hazikuwatosha tena, walitaka sababu.

— Mimi nimekwisha ijua, alisema Mzee Abdurahman. Zamani padri alikuwa akisali amewapa watu mgongo, si kweli? Ameelekea ukutani, anasema Kilatini, hakuna anayeelewa, raha mustarehe. Kisha kule Roma wakaamua ageuke. Sasa anawatazama usoni, anasema Kiswahili, na anawaona wanavyopiga miayo. Mtu gani atalala baada ya kuona hayo? Mrudishieni mgongo wake!

— Siyo hilo, alisema Spana. Hana mke. Mtu asiye na mke anagombana na nani? Hasira yote inamrudia mwenyewe, injini inachemka. Kanisa limtafutie hata mtu wa kugombana naye tu, saa moja kwa siku. Mie nina mke, anaweza kwenda.

— Nyote mnabahatisha, alisema Digrii, na ulimi wake ukapata kazi iliyousomea. Ni historia hii! Mzungu alikabidhi madaraka. Serikalini alimwachia Mwafrika ofisi na deni. Parokiani alimwachia Nzai nyumba inayovuja, rafu ya vitabu vya Kizungu na mbwa asiyejua Kiswahili. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Sit, please." Please! Padri mzima wa Kiduruma anamwomba mbwa. It's role strain, mzigo wa cheo, ladies and gentlemen.

— Hapa hakuna ladies, alisema Rai. Na wewe pia umekosea. Jambo hili ni kubwa kuliko mbwa.

Akaipunguza redio sauti, ishara kwamba sasa anasema yeye.

— Wamarekani walikwenda mwezini. Mnakubali?

— Tunakubali, alisema Spana. Mzee hakubali.

— Walipofika, Mungu hawakumwona. Wakaona haya kusema. Sasa wafanye nini? Wanauliza chini kwa chini, padri mmoja mmoja, dunia nzima: kwako yuko mbali kiasi gani? Moja? Nne? Wanakusanya namba zote, wanaziingiza kwenye mtambo, na siku moja mtambo utawaambia: yuko pale! Kwa nini mnadhani fomu hainunuliwi? Kwa nini jina haliandikwi ila mahali panaandikwa? Wanataka kujua wapi, hawataki kujua nani!

Spana alicheka mpaka akateleza kwenye benchi. Mzee Abdurahman alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya kilemba huku akisema astaghafirullah, astaghafirullah. Na Digrii, mtu aliyekuwa hajacheka tangu barua ya kumi na saba ya kukataliwa, alijikuta ameshika mbavu, kalamu imemwanguka.

— Haya, haya, basi, alisema akipumua. Jua linapanda. Kumi na nne. Ninahisi...

Akasita.

— Unahisi nini? aliuliza Rai.

— Ninahisi Mungu yuko mbali nami.

Rai alimtazama, kisha akaitazama fomu, kisha akaongeza redio sauti kidogo.

— Hilo sishuhudii, alisema Mzee Abdurahman. La kikombe nilishuhudia. La kiuno, namwamini fundi. Hili siliwezi.

— Mzee, it's only a number.

— Ndiyo nakwambia. Iandike wewe, bila shahidi.

— Spana?

— Mie ni mtu wa maili, kaka.

Digrii akaandika tatu. Tatu ni katikati, alijiambia, haimsingizii mtu. Akayapeleka mbio sita yaliyobaki, wao wakijibu, lakini sasa kwa sauti za watu waliomo ndani ya nyumba ya mwenziwao na mwenyewe hayupo. Akajumlisha. Akawa anaikunja fomu waliposikia Honda.

Padri Nzai alishuka mwekundu kwa vumbi la Ndavaya tangu nyusi mpaka viatu. Alikuwa mtu mrefu, na kweli kanzu ilimning'inia. Alimwamkia Mzee Abdurahman shikamoo, akaketi mwisho wa benchi, akapokea kikombe. Kisha akaiona karatasi.

— Ndiyo yangu hiyo?

Digrii alimpa tu.

Padri alisoma. Kwanza nyusi zilipanda. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na ghafla akaangua kicheko kikubwa cha bara, hata kuku wa jirani wakatawanyika. Akamwonyesha Rai kidole.

— Hamu ya chakula, "mbili, kwa ushahidi wa kiuno"! Mmeandika pembeni!

— Utafiti lazima uwe na vyanzo, Padri, alisema Digrii, masikio yakimwaka moto. Nisamehe. Uliniambia niandike nionavyo, na Mzee akasema ni wakala, na nina... Nina nafasi ya kazi.

— Ninajua una nafasi ya kazi. Landrova nimeipita pale chini, inakuja. Lete kalamu niandike parokia kwa mkono wangu, wala hawatajua. Jumla ni ngapi?

— Sitini na nne.

— Kwa ngapi?

— Kwa mia.

Padri alitikisa kichwa, akiwa bado ana kicheko mdomoni.

— Sitini na nne kwa mia. Hebu niambieni basi. Mimi ni mzima, au mgonjwa?

Rai alimtazama Spana. Spana alimtazama Digrii. Digrii aliitazama hesabu yake, na hapo tu ndipo alipoona: alikuwa amejumlisha usingizi na huzuni, hamu ya chakula na umbali wa Mungu, mazuri na mabaya kapu moja. Namba ile haikuwa kitu. Alikuwa karibu kusema kuwa ufunguo wa majibu uko ofisini Mombasa, kuwa kuna jedwali, kuwa there is a procedure.

— Ninauliza kweli, alisema Padri Nzai. Kicheko kilikuwa kimemtoka. Sijui. Ndiyo sababu sikuijaza.

Landrova ilisimama upande wa pili wa barabara, ikapiga honi. Padri aliiweka fomu kwenye goti, akamnyooshea Digrii mkono apewe kalamu. Digrii alikuwa nayo mkononi. Honi ikapigwa tena, ndefu.

Akaiweka kalamu mfukoni.

— Mzee Abdurahman, muongezee Padri, hicho kimepoa, alisema. Fundi, zima redio.

Rai alizima redio. Kijiwe hakikujua kama ina swichi.

— Padri, alisema Mwero, akageuka kumwelekea sawasawa, swali la kwanza. Unalalaje?

Padri Nzai alikiweka kikombe chini. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya chini, na Spana akasogea karibu ili asikie.

Dereva alishuka, akavuka barabara, akasimama mbele ya baraza na mkono nje.

— Digrii! Fomu ya Msambweni iko wapi?

— Inajazwa, alisema Mwero bila kugeuka.

— Itakwisha saa ngapi? Nina kivuko mimi!

Mzee Abdurahman alimwashiria anyamaze. Dereva alingoja kikombe kizima, kisha cha pili, akatazama saa, akarudi garini, akaondoka na vumbi lake. Padri alikuwa bado yuko kwenye swali la kwanza.